Nyongeza

Bukuru alitangulia kutoka,
mimi nikafuata baada ya dakika kumi.
Ndivyo alivyotuambia mama, naye hakuwa na saa.
Kwa dakika hizo kumi alinitawala miaka arobaini na miwili:
kuoga yeye, kupakuliwa yeye,
hata fimbo ya mwalimu ilimpata yeye kwanza,
nami Butoyi nyuma yake, nikihesabu.

Alikata roho Maweni, wodi ya wanawake,
saa tisa na robo alasiri.
Saa tisa na dakika ishirini na tano
nilikuwa nje ya geti nabishana na kijana wa bajaji
juu ya chenji ya mia tano,
na hapo hapo, bila ngoma wala tangazo,
nikampita dada yangu kwa umri.
Mia tano yenyewe sikuipata.

Sisi ni watu wa dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma.
Anayeijua sado anaijua na nyongeza:
ukishajaza, ukasawazisha, mteja habanduki,
anautazama mkono wako mpaka uchote tena,
kiganja kimoja, cha juu, kisicho na bei.
Nusu yake humwagika mchangani
kwa kuwa mfuko haukufunguliwa vizuri.

Basi mimi naishi kiganja hicho.

Bukuru alikuwa mtu wa "mwezi ukipita".
Huku ziwani mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu,
dagaa hawaji, mitumbwi inalala kifudifudi,
vichanja vitupu kama vitanda vya bweni wakati wa likizo.
Kila mwezi tulipewa siku hizo, nane, pengine tisa,
na kila mwezi yeye alizimaliza
kwa nyavu za watu, madeni ya watu,
misiba ya watu wasiomjua.
Kitenge alichonunua kwa Mama Feza wa Kalemie
kililala sandukuni hadi mikunjo ikageuka mistari.
Kukishona? Mwezi ukipita.
Kwenda Kasulu kumwona shangazi? Mwezi ukipita.
Ulipita.
Ulipita sana.

Nimekishona mimi. Fundi Sadoki alisita na mkasi:
mama, hiki ni cha harusi.
Nikamwambia kata.
Nakivaa nikigeuza dagaa, kimeshika magamba,
kinanuka ziwa, na majirani wanasema nimechanganyikiwa.

Simsemi marehemu. Nami nina yangu:
mwaka juzi nilinuniana na wifi miezi mitatu
kwa ajili ya beseni.
Nikipiga hesabu leo, hakuna beseni ghali kama lile
kutoka hapa mpaka Ujiji.

Juzi Bwana Ruhoza alikuja na kalamu sikioni,
ongeza vichanja kumi, nitakukopesha,
utavuna mara mbili.
Nikamuuliza, na mikono, utanikopesha?
Nikasema hapana.
Akadhani napandisha bei.

Siku hizi za mbalamwezi najifunza kuogelea.
Arobaini na mitatu, magoti yanalia kama bawaba.
Mwalimu wangu Yoeli ana miaka tisa na hana subira:
"Legea! Unayashika maji ya nini? Hayashikiki."
Ziwa hili nalijua kwa kilo, kwa gunia,
kwa homa ya ajali za wengine;
kulilalia, kamwe.

Jana nililala chali, masikio ndani,
kelele zote za mwalo zikazimika.
Mwezi juu, mnene, hauna shida na mimi.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye kumi miguu ikazama,
nikanywa maji, nikatapika aibu,
Yoeli akacheka mpaka akakaa chini.

Keshokutwa giza linarudi, na taa,
na dagaa watataka kugeuzwa kabla jua halijawakausha upande mmoja.
Nitageuza. Sina ugomvi na kazi.
Ila leo bado kuna mwanga.
Yoeli, we Yoeli,
ngoja nivue kitenge.