Neno la Kumi na Moja

Kila Jumatatu, kabla jua halijavuka
kilima cheusi cha mabaki ya shaba,
nawafunga wazee mikanda ya vipimo kifuani
na kuwasomea maneno kumi, polepole:
ndoo, reli, chumvi, kofia, daraja,
kuku, sabuni, shoka, dirisha, mvua.
Wanatembea dakika arobaini.
Wanarudi, wanaketi, nami nauliza:
yamebaki mangapi?

Tulianza Katuba na wazee thelathini na wawili.
Mwezi wa tatu walibaki kumi na tisa.
Mmoja aliona heri usingizi. Mmoja alisingizia viatu.
Watatu, waliposikia hakuna posho,
magoti yaliwauma siku moja.

Papa Mukalay hakukosa.
Maneno manne, halafu matano, halafu saba,
na kila mara, mwishoni, akaongeza lake:
"Na deni."
Deni halimo, Papa.
"Kwako halimo."
Nikaandika pembeni: neno la ziada, kosa.

Alhamisi alikwenda kwa Daktari Luo,
barabara ya Likasi, penye pazia la shanga
na harufu ya mizizi iliyochemka tangu jana.
Luo alimwekea vidole vitatu mkononi, akafumba macho
muda mrefu kuliko mashine yangu.
Mashine ilisema: themanini na nne.
Luo alisema: uzi wa gita uliokazwa mno,
kuna kitu huyu amekishikilia kwenye ini.
Akamchoma sindano mbili miguuni,
nyembamba kama sharubu za paka,
akamwambia atembee.
Nilicheka. Kisha nikakumbuka
kwamba mimi pia ndilo nililomwambia.

Swali la kumi na nne kwenye fomu yangu:
Ni nini kinachokusukuma? Weka alama.
Afya. Familia. Daktari. Mengineyo.
Alitia alama kwenye Mengineyo
hadi karatasi ikatoboka.

Basi nikamfuata.
Kamalondo, mbele ya nyumba ya matofali, alisimama,
akainua macho juu ya paa, akahesabu:
mabati kumi na mawili, yake,
aliyomkopesha Kisimba mwaka kampuni ilipoacha kulipa.
Hakubisha hodi. Alikohoa mara moja.
Pazia likatikisika.
"Miaka kumi na moja," akaniambia. "Ananiona. Inatosha."

Mwezi wa tano Kisimba alitoka nje
na pesa zote ndani ya mfuko wa unga wa bukari.

Jumatatu iliyofuata Papa Mukalay alichelewa.
Ndoo, akasema. Reli.
Akatazama vidole vyake.
Chumvi.
Nilingoja lile neno ambalo halimo.
Halikuja.
Mstari wa grafu yangu ulishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
na sikuwa na kidonge, wala sindano,
wala safu ya kuandikia jambo hilo.

Wiki mbili. Kisha nikamkuta mlangoni kabla yangu,
viatu vimelowa umande, pumzi juu juu.
Maneno manane! Akanyamaza,
akaniachia nafasi, kama mtu anayekuvutia kiti.
"Na deni."

Amezikopesha zote. Fundi cherehani mmoja, Bel-Air.
Bel-Air ni mbali, Papa.
"Mara mbili," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja dozi.

Ripoti inasubiri. Wafadhili wanataka sababu moja.
Na nje, kwenye benchi langu, tangu alfajiri,
ameketi Kisimba, anauliza kama kuna nafasi:
tangu alipe hakuna anayekohoa mlangoni pake,
na asubuhi, anasema,
haianzi.