Asilimia ya Nafuu

Mimi ndiye ninayeandika. Kura sina.
Jumanne ya pili ya Novemba, mji wa Ellerwick,
ukumbi wa halmashauri unanuka makoti yaliyoloa,
hita inagongagonga kama mtu aliyesahauliwa ukutani.
Ombi la nyumba mia nne na kumi na mbili
katika konde la Tansley,
kati ya reli iliyokufa na mto unaojifanya umekufa.
Diwani Fenwick ametoka nje:
shemeji yake analisha kondoo kule, ana maslahi.
Wamebaki wanane. Akidi imetimia.

Kila msemaji dakika tatu. Saa iko kwangu,
kisaa cha kuchemshia mayai, nimekiazima jikoni
tangu ile ya umeme igome mwezi Machi.

Bi Hesper Lonsdale, miaka themanini na mmoja,
ana picha ndani ya mfuko wa plastiki:
maji yamefika kwenye kitasa cha mlango wake.
"Na hayo ni mabaki. Mengine yote
yalinywewa na konde lile.
Mkilisakifu, litamtapikia nani?"
Kisaa kikalia. Akakaa, picha bado ziko juu.

Akaja daktari: miadi ni wiki tano,
zamu ikifika mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.
Akaja mtu wa mijusi wa majini,
amemchora mmoja kwa penseli, mwenye kishungi,
mtanashati kuliko diwani yeyote pale mbele.
Wote walianza hivi: Mimi sipingi nyumba.
Nimeandika mara kumi na moja. Sipingi nyumba, ila,
na kwenye ile "ila" konde zima likaingia,
na sungura pori wake, na ukungu wake wa asubuhi.

Fahali wakipigana nyasi huumia, sawa.
Usiku huu nyasi zenyewe ndizo kesi.

Kisha Kerensa Birtwell, hana karatasi.
"Nina miaka thelathini na minne.
Nalala na mwanangu katika chumba
nilichopewa na mama nikiwa na miaka sita.
Ukutani kuna farasi wa waridi.
Yeye amewapa majina. Mimi nimewachoka."
Akanyamaza.
Zilikuwa sekunde hamsini.
Zilizobaki zilikuwa zake, nikaziacha ziishe,
tik, tik, tik, na hakuna aliyekohoa.
Kumbukumbu za kikao hazina mahali pa kuandika hilo.

Akasimama Bwana Pellew wa kampuni,
viatu havijui tope,
na mchoro ambao miti yake imeshakomaa.
Mwaka juzi nyumba za nafuu zilikuwa asilimia arobaini.
Mwaka jana ishirini na tano.
Leo ni kumi na moja, kwa sababu udongo, alisema,
umeonekana kuwa mgumu kuliko walivyotarajia.
Nafuu: neno la wodini.
Husemwa mgonjwa amepata nafuu
akiweza kukaa kitandani na kuomba uji.
Huyu wa kumi na moja kwa mia
bado hajafumbua macho.

Wanne juu. Wanne chini.
Mwenyekiti Attwater alizaliwa katika nyumba ya halmashauri,
enzi halmashauri ilipojenga yenyewe,
sasa inagonga mihuri tu.
Alitazama dirishani, akaona sura yake,
akainua mkono mara ya pili.
Imekubaliwa, kwa masharti ishirini na saba.
Mijusi watapata bwawa
kabla mtu yeyote hajapata mlango.
Wengine walipiga makofi, wengine walipiga viti.

Nyumba za nafuu arobaini na tano, nilizihesabu.
Orodha ya wanaosubiri iko kwenye kabati langu;
mia mbili na sita ni mimi,
wa chumba juu ya dobi, ninayelala na joto la watu wengine.
Hakuna aliyeniuliza kama nina maslahi.

Nikazima taa, nikarudisha kisaa jikoni.
Kikalia chenyewe ndani ya droo
na wala hapakuwa na mtu anayesema.