Nusu Ngapi Ndani ya Tatu

Theluji ya Vermont bado imeegemea dirisha,
na meza ya jikoni ndiyo darasa letu:
makombo ya mkate, penseli iliyotafunwa kichwa,
paka amelalia jedwali la saba.
Mama yao karudi alfajiri kutoka zamu ya hospitali,
yuko juu, amelala.
Basi tunajumlisha kwa kunong'ona.

Anselm, wa miaka sita, anahesabu soksi
zinazokauka juu ya jiko la kuni.
Kumi na tatu.
"Moja haina mwenzake," asema,
"kwa hiyo kumi na tatu ni namba yenye upweke."
Kwenye fomu ya wilaya, ile ninayojaza kila Juni,
hakuna kisanduku cha jibu kama hilo.

Winifred, wa kumi, leo hana mchezo.
Amekwama: tatu gawanya kwa nusu.
"Sita," namwambia. "Pindua ya pili, kisha zidisha."
"Kwa nini nipindue?"
"Ndivyo inavyofanywa."
"Mbona nagawa na inaongezeka?"

Hapo nikaisikia rula ya Bwana Thibodeau
ikitua juu ya vifundo vya vidole vyangu,
darasa la tano, dawati la karibu na mlango,
siku nilipouliza hilohilo.
Ndivyo inavyofanywa, alisema.
Nami miaka thelathini na mitatu
nimepindua, nimezidisha, nimepata,
bila kujua nilichopata.

"Andika sita!" nikasema,
na sauti ilikuwa yake, si yangu.
Penseli ikaruka hadi chini ya jiko.
Kitanda cha juu kikalia, kikanyamaza.
Kitabu kinasema juu ni kiasi, chini ni asili;
chozi la mtoto lilidondokea kwenye asili,
na karatasi hapo ikalainika, ikatoboka.

Nikawaambia wavae mabuti.

Ni Machi: usiku barafu, mchana matone,
ndoo zinaning'inia kwenye miti ya mepo
na kibanda cha kuchemshia kinanuka moshi mtamu.
Ndoo arobaini za utomvu, ndoo moja ya shira:
hesabu hiyo sikufundishwa na mtu,
naijua kwa mgongo.
Nikaweka galoni tatu mbele ya Winifred,
na chupa tupu, za nusu galoni, safu nzima.
Sikusema kitu. Kusema ukweli, sikuwa na la kusema.
Nilikuwa nabahatisha.

Akamimina. Moja. Mbili.
Ya tatu ikamwagika kidogo, akalaani
kwa neno alilolitoa kwangu.
Nne. Tano.
Kwenye ya sita mkono wake ukasita.
"Baba," akasema polepole,
"hawakuuliza ugawie watu wangapi.
Wameuliza nusu ngapi zimo humu.
Zilikuwemo tangu mwanzo."

Nikakaa juu ya gogo.
Mvuke ulikuwa mwingi, nikausingizia macho yangu.
"Sikuwa najua," nikamwambia.
"Hukujua sita?"
"Sita niliijua."
Akanitazama kitambo,
kisha akanisogezea mfuniko wenye shira nilambe,
kama anavyomfanyia mdogo wake.

Chupa ya sita haikujaa.
Tulipoingia ndani akafungua daftari,
akaandika *6* kubwa, akaipigia mstari,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
*kasoro iliyomwagika,
kasoro ulimi wa Anselm.*
Nikaipa vema. Ningefanya nini?

Sasa ni usiku. Mama yao kaenda zamu,
kapita na chupa moja ya wauguzi,
zimebaki tano, na paka karudi kwenye la saba.
Ukurasa wa kesho: robo tatu gawanya kwa theluthi mbili.
Nimetoa vikombe vya kupimia, nimevipanga,
nimemimina maji, nimeyamwaga, nimemimina tena.
Jibu ninalo tangu saa mbili.
Ninachotafuta bado sijakiona.