Saa Nne na Dakika Saba

Baba alikata roho Arua, saa nne na dakika saba usiku.
Tororo, saa nne na dakika saba usiku,
mdogo wangu Onziru akajifungua.
Manesi wawili, saa mbili za ukutani,
na simu yangu katikati, imebeba pole na hongera
kama punda aliyepakiwa mizigo ya maduka mawili.

Siku ya tatu baada ya maziko, ukoo ukakaa.
Shangazi Candiru: "Kifo kilitangulia.
Mtoto ni Drateru, jina la msiba."
Mjomba Adriko: "Mtoto aliwahi.
Ni Ayikoru, jina la furaha."
Kisha wakanigeukia mimi, mwalimu wa fizikia:
"Wewe wa vipimo, amua."

Nikavuta sinia la unga wa muhogo,
nikachora mstari kwa kidole.
Huku Arua. Kule Tororo.
Tuseme saa za manesi hazikukosea hata chembe:
kwetu tuliokaa, ni sare.
Lakini anayeruka kwa ndege kutoka Tororo kuja huku,
akipima kwa uaminifu ule ule,
kwa mwanga usiomwongezea kasi wala kumpunguzia,
atasema mzee alitangulia.
Anayeruka kutoka huku kwenda Tororo
ataapa mtoto aliwahi.
Na hakuna mwongo.

"Kwa kiasi gani?" Adriko ni mchuuzi wa ng'ombe.
"Ikate sekunde vipande bilioni. Chukua kimoja."
Wakacheka. Mara ya kwanza tangu kaburi lifukiwe.

Sikucheka.
Ndani ya kipande hicho
"sasa" moja ya ulimwengu mzima imepasuka,
na kila msafiri anaondoka na kigae chake.

"Basi hakuna cha mwanzo?" Candiru akauliza, sauti imeshuka.
"Hata mama na mwana?"
Hapo hapana, Shangazi. Mimba kwanza, uzazi baadaye.
Baba alikufa, ndipo nikalia.
Penye njia ya habari kufika, hakuna ndege ya kupindua.
Lakini usiku ule habari haikuwa na njia,
hata ingepanda mwanga wenyewe:
Baba hakujua kwamba ni babu.
Mtoto hakujua kwamba amepungukiwa.

Onziru alikuwa akisikiliza kwenye simu, juu ya sinia.
"Nilipokuwa mimi," akasema,
"kulikuwa na jambo moja tu, na lilikuwa linauma."
Akanyamaza.
"Anayetoka Arua kuja kumwona, amwite Ayikoru.
Nikimleta kaburini, mwiteni Drateru."

Candiru akafuta mstari kwa kiganja.
Unga ni chakula.

Kisha mtoto akalia, mbali,
sauti ikapanda mnara, ikavuka Nile,
ikatufikia imechelewa kidogo.
Wote tukasema: sasa analia.