Kitambaa Kisichozikwa

Grant Mulholland alitaka nyumba arobaini na mbili
juu ya kilima kilichokuwa malisho ya kondoo,
kaskazini ya Auckland, udongo wa manjano,
ule unaoganda kwenye buti kama deni.
Mabuldoza yalichuna nyasi kwa siku nne.
Kilima kikabaki uchi mwezi wa Juni,
na Juni ya huko ni baridi, ni mvua.

Kazi yangu haikuwamo katika picha za matangazo:
kufunga uzio wa kitambaa cheusi chini ya mteremko,
uzio wa kimo cha goti.
Wapita njia huuliza kama tunazuia sungura.

Tunayafundisha maji subira.
Maji yakisimama, hata kitambo kidogo,
huanza kutua mzigo:
kwanza changarawe, kisha mchanga,
kisha, yakipewa muda, tope laini
linaloteleza vidoleni kama uji.
Mfinyanzi ndio mkaidi.
Huo huelea siku nzima ukikutazama.

Siri iko chini. Unachimba mtaro wa shibiri moja,
unakunja pindo la kitambaa ndani,
unafukia, unashindilia kwa kisigino.
Kitambaa kisichozikwa ni pazia tu:
maji hulinyanyua na kupita
bila hodi.

"Simamisha tu vigingi," Grant aliniambia.
Nilizika mita mia tatu na kumi.
Mgongo wangu ni shahidi.

Ijumaa, saa kumi jioni, Lopeti Vaka
alileta lori la mwisho la kokoto.
Langoni, penye mawe ya kukung'uta magurudumu,
palikuwa na foleni,
na binti yake alikuwa anamngoja uwanja wa netiboli.
Akakata kona.
Uzio ukalala chini ya matairi kama nyasi.

Niliona.
Koleo langu lilikuwa tayari ndani ya gari.
Nikasema: Jumatatu.

Wahenga walitaja ufa.
Hawakutaja upana wake:
mita tatu na nusu, lori moja,
neno moja.

Usiku mvua ilipiga mabati
nami nikalala macho wazi nikihesabu vigingi.

Asubuhi kijito cha Waimahoe kilikuwa chai ya maziwa.
Merepeka Tautari, mkaguzi, alikuja na mrija wake angavu,
mrefu, wenye msalaba mweusi kwenye kitako.
Unamimina maji ya kijito,
unachungulia kwa juu,
unasoma kina ambapo msalaba unapotea.
Wiki iliyotangulia alisoma sentimita tisini.
Safari hii alimimina vidole vitatu
na msalaba haukuwapo.

Hakupaza sauti.
Alishuka hadi kwenye hori, bahari ikiwa imekupwa,
pale alipookota kombe utotoni na shangazi zake,
akafukua mmoja, akaupasua kwa kisu.
Ndani, kilima chetu.

"Ulibomoka lini?" aliuliza.
Ningeweza kusema usiku.
Nikasema: jana, saa kumi, na mimi nilikuwapo.
Aliandika yote mawili, saa na mimi.

Jumapili Lopeti alikuja bila kuitwa, na koleo lake.
Hatukuzungumza. Tulichimba shibiri, tukazika,
tukatandaza majani makavu ya ngano mteremko mzima,
tukamwaga mbegu chini yake kwa mikono iliyokufa ganzi.
Grant alipiga simu mara mbili kuuliza gharama.

Siku ya kumi na tatu nyasi zilichomoza,
haba, kama ndevu za kwanza za mvulana.
Merepeka akamimina tena.
Msalaba ulikwenda, ukaenda,
ukapotea kwenye arobaini.

Lopeti akanipiga begani.
Merepeka aliandika namba, akafunga daftari,
akatazama upande wa hori
ambako kitwitwi mmoja alikuwa anadonoa tope,
anadonoa, anahama,
anadonoa.