Nyuzi Sita

Alimwokota Julai, kwenye kituo cha tramu cha Židenice,
mvua imekatika, lami inafuka mvuke,
na chungu wenye mbawa wanaanguka kama makapi.
"Huyu kaolewa leo," Kryštof akaniambia.
"Mume keshakufa. Mbawa atazing'oa mwenyewe."
Ana miaka tisa. Nikageukia pembeni
nikatafuta tiketi iliyokuwa mkononi tayari.

Mimi na wadudu hatupatani. Niliwahi kuumwagia maji ya moto
ukoo mzima chini ya sinki,
nikakaa nikala mchana wangu bila haya.
Lakini mwaka ule nguvu ya kukataa sikuwa nayo.
Tulikuwa tumegawana vijiko,
tumegawana mashuka na deni la gari,
na mtoto tukamgawa kwa wiki,
wiki kwangu, wiki kwa Radovan kule Líšeň,
kama zamu ya kufagia ngazi.

Neli ya kioo. Maji nyuma ya pamba,
malkia mbele, giza la karatasi nyekundu.
"Usimfungulie. Usimlishe. Hali kitu
mpaka watoto wa kwanza watoke.
Anakula nyama ya mabega yake,
ile iliyokuwa ikipiga mbawa."
Nikasema, basi huyo ni mimi.
Akanikazia macho. "Mama, wewe unakula jibini."

Mayai yalikuwa punje za chumvi, kumi na moja.
Na kila Jumapili, saa kumi jioni,
aliiviringisha neli ndani ya soksi,
soksi ndani ya kofia, kofia ndani ya begi,
akasimama ndani ya tramu namba nane, viti vitupu,
magoti ameyalegeza yameze mtikisiko.

Wiki ya tatu mayai yakawa saba.
Kisha matatu.
Akahesabu tena kwa kioo cha kukuzia,
midomo ikienda.
"Anayala," akasema. "Akihamishwahamishwa huyala.
Anaona hapa si mahali pa kulea."
Hakutulaumu. Hata sauti hakuinua.
Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha dawa kwenye chupa,
nami nikaingia bafuni nikafungulia bomba lote.

Nikampigia Radovan. Dakika mbili,
bila kutaja mwanasheria.
Neli ikabaki kwake, juu ya kabati la viatu,
kwa kuwa reli haipiti karibu na jengo lake.
Mtoto tukaendelea kumhamisha.
Hilo hakuna aliyelisema.

Septemba wakatoka: wanne, wembamba, rangi ya chai hafifu.
Picha ilinifikia kazini, kati ya eksirei mbili,
nikaikuza mpaka ikawa vumbi.
Chini yake: "Wameonja asali."
Mtu ambaye miaka kumi na miwili
hakuwahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mama yangu
alikuwa amechovya kijiti, akasubiri.

Sasa ni Desemba, nao wamelala ndani ya friji yake
kati ya haradali na siagi.
Baridi wanaitaka, barafu hawaitaki.
Wiki hii Kryštof yuko kwangu,
mguu mmoja nje ya blanketi.
Saa tano usiku napiga. Inaita mara moja tu.

"Ngapi?"

Nasikia ndara zake juu ya vigae,
mlango wa friji ukibanduka, ule mvumo mdogo.

"Sita."
"Nyuzi sita kweli?"
"Sita. Subiri. Pamba imeingia ukungu...
hapana, ni kivuli cha kidole changu.
Wako tisa. Wamemzunguka.
Mmoja kasogeza mguu."

Nasubiri. Naye anasubiri.
Namwambia afunge, baridi inatoka.
"Nafunga," anasema,
na mlango siusikii ukifungwa.