Dondora

Watu wa Wawi wananiita tajiri.
Waje waisome hesabu ya tajiri:
magneto moja, magunia manne ya karafuu kavu;
tairi la pua, gunia na pishi mbili;
ukaguzi wa mwaka, msimu mzima wa shamba la bondeni
pamoja na makonyo yake.

Ndege yenyewe ina viti vinne, na imenizidi umri.
Ilipofika ilikuwa nyeupe. Sasa
chumvi ya Pemba imeionja kila pembe,
inajipenyeza kwenye ribiti kama panya ghalani,
nami kila Ijumaa, baada ya sala,
naikosha kwa maji ya mvua niliyoyakinga,
bawa kwa bawa, tumboni, chini ya mkia,
kama amwogeshaye mgonjwa
asiyetaka kuambiwa ni mgonjwa.

Fundi wangu ni Shaame Ngwali, mtu wa Ole.
Hukinga mafuta kwenye gilasi, akainyanyua juani,
akatafuta tone la maji lililolala chini.
Akiliona humwaga, hukinga tena.
Nikiitazama saa, husema bila kugeuka:
"Ndege haina haraka,
haraka anayo mtu."

Siku ile Shaame alikuwa mazikoni.
Shemeji Mize, kajifukiza udi, kajitanda,
sinia la halua ya Wete magotini,
posa ya mwanawe Unguja, saa nne kamili.
Aliuliza mkanda unafungwaje,
akalifunga na sinia.

Nikaizunguka ndege peke yangu, orodha mkononi,
nikiisoma kama mtoto aliyehifadhi sura:
mdomo unakwenda, moyo haupo.
Oili, sawa. Breki, sawa.
Mrija wa upepo, kile kijidole chini ya bawa la kushoto
kinachoonja upepo na kuiambia sindano
tunakwenda kasi gani,
nikasema sawa. Sikuinama.

Kifuniko chake chekundu hakikuwapo.
Nilijua hakikuwapo.
Tangu Jumanne binti yangu Tahia
alikuwa kamvisha mwanasesere, kofia.

Mnara ukaniruhusu. Nikasukuma gesi.
Propela (watoto wa uwanjani wanaiita pangaboi)
ikayeyuka hewani.
Minazi ikaanza kukimbia.
Macho nje, macho ndani, nje, ndani.
Sindano: sifuri.
Minazi inakimbia, vibanda vinakimbia.
Sindano: sifuri.
Nyuma yangu Mize anasoma dua ya safari
na mkono wangu, wallahi sijui nani aliuamrisha,
ukarudi nyuma.

Breki. Harufu ya mpira. Kimya
ambamo nilisikia injini ikipumua polepole,
na mimi sipumui.
Halua haikumwagika.

"Tushafika?" Mize akauliza.

Alasiri Shaame alikuja na kanzu yake ya mazikoni,
akapiga magoti kwenye lami, waya mwembamba mkononi,
akachokoa. Kikatoka kijumba cha udongo mkavu,
na ndani yake buibui watatu waliopoozwa
na yai moja, dogo kuliko punje ya ufuta.
Dondora. Kazi ya siku mbili au tatu.
Hakunigombeza. Alinifumbua kiganja,
akakiweka humo chote, kama chenji.

Daftari la ndege halina safu ya aibu.
Nikaandika kwenye safu ya matengenezo:
*Mrija umezibuliwa. Rubani hakuinama.*
Shaame akatia sahihi chini yangu, taratibu,
herufi moja moja.

Mize alishuka Mkoani kupanda boti.
Posa ilikubaliwa siku ya pili, bila halua,
na mpaka leo akipita mlangoni kwangu
salamu yake ina mfupa ndani.
Tahia nimemshonea kofia ya mwanasesere
kwa kitambaa kilekile chekundu, mshono mbaya.
Kifuniko kimerudi mahali pake.

Na kila asubuhi, niwe naruka au siruki,
nainama. Magoti yanalalamika.
Nakichomoa, nachungulia kile kitobo cheusi,
nasema hodi,
kisha nangoja, na kuomba
nisikaribishwe.